Sakafu Iliyoliwa na Chumvi

Wewe unayenisikiliza, gonga kitu chochote cha bati kilicho karibu nawe: sufuria, mlango, pipa la maji. Gonga kwa kifundo cha kidole, kisha tega sikio. Bati zima hujibu kwa sauti ndefu. Bati lililoliwa na kutu hujibu kwa kifupi, kama mtu aliyeulizwa habari asiyotaka kuizungumza. Nimefanya kazi ya mabati ya magari hapa Kindu, mashariki mwa Kongo, upande wa Alunguli kando ya mto, tangu ujana wangu, na hadi leo gari likiletwa kwangu naanza kwa kugonga. Macho hudanganywa na rangi. Sikio halidanganywi upesi.

Gari nililochelewa kuligonga kuliko yote lilikuwa la nyumbani kwetu. Ni pikapu ya zamani, ya buluu, ambayo marehemu baba aliinunua ikiwa tayari imetumika. Tangu miaka ya vita ilisimama nyuma ya jiko la mama, haina magurudumu, imekaa juu ya magogo. Kuku walitaga chini yake. Sisi watoto wa baba tulikuwa tumeizoea hata tukaacha kuiona, na huenda ingebaki pale hadi leo kama mama mdogo asingepiga simu.

Mama mdogo anaishi Kampene. Ni ndugu pekee wa mama aliyebaki. Siku hiyo mama aliweka simu kwa sauti kubwa, kama afanyavyo siku zote, kwa hiyo wote tuliokuwa uani tulisikia.

“Yaya, macho yangu inafunga,” mama mdogo alisema, maana kwetu dada mkubwa huitwa yaya. “Muntu akisimama mbele yangu, namuona kama iko nyuma ya moshi. Kama unataka nikuone uso, kuja sasa. Usingoje.”

Mama alikata simu, akaifunga kwenye ncha ya kitenge chake. Barabara ya Kampene watu wengi huipita kwa pikipiki, lakini goti la mama halikunji tena, na kwenye pikipiki asingefika hata nusu ya njia. Malori yapo, ila abiria hukaa juu ya mizigo, na mama amevuka umri wa kupanda juu ya magunia.

“Gari iko,” akasema.

“Gari gani, mama?”

“Ile ya baba yako. Ama wewe ni fundi ya magari ya watu tu?”

Watu wote uani walicheka, na mimi pia nikacheka. Lakini yeye hakuwa anacheka. Kiangazi kilikuwa katikati. Mvua ikishaanza, barabara ile hugeuka tope linalomeza gari hadi milangoni, na kungoja kiangazi kingine kulimaanisha kufika kwa dada ambaye angemtambua kwa sauti tu. Nikachukua nyundo ndogo, nikaenda nyuma ya jiko, nikafungua mlango wa kulia, nikagonga sakafu. Nyundo ilipita, ikaangukia kwa kuku.

Hapa lazima nikueleze pikapu ilivyofika juu ya magogo, maana bila hilo hutaelewa kutu yake.

Vita vilipokaribia mji, magari yalikuwa ya kwanza kuchukuliwa. Mwenye gari aliweza kulipoteza barazani kwake mwenyewe, naye akalazimishwa kuwaendesha waliolichukua. Baba hakutaka kukimbia na hakutaka kukimbiwa na gari lake. Alitoa magurudumu, akayapandisha darini. Alitoa betri na vipande vingine vidogo, akavifunga kwa matambara yenye mafuta. Injini aliijaza mafuta, akaiziba kila tundu. Viti alivitoa pia, tukaviingiza sebuleni, vikawa makochi, na kwa muda mrefu wageni wetu walikaa wakitazamana na ukuta kama wanaosafiri. Mama akapanda maboga kando ya magogo, na majani yakatambaa hadi juu ya paa la gari.

Watu wenye bunduki walikuja kweli. Mmoja wao, kijana, aliingia ndani, akachuchumaa pasipo na kiti, akashika usukani, akalia kwa mdomo, “Vruuum! Vruuum!” Wenzake walicheka hadi wakashika matumbo. Kisha wakaenda zao na boga moja.

Baada ya hapo baba aliona gari limetimiza kazi. Mama aliona jambo jingine: kwamba katika nyumba nzima, kitu pekee chenye kufuli na ufunguo wa kweli ni ile kabini. Na wakati huo alikuwa na kitu cha kufungiwa. Treni ilikuwa haifiki tena, boti hazipandi, na chumvi ilikuwa inaletwa kutoka mashariki na wanaume waliosukuma baiskeli msituni, gunia limelazwa juu ya fremu. Ilipimwa kwa kijiko. Watu walikula majani ya muhogo yasiyo na ladha, wakasema bora njaa. Mama alinunua kidogo kidogo kwa wale wasukuma baiskeli, akauza kwa majirani, na akiba aliiweka ndani ya kabini ya pikapu. Ukimkuta fundi yeyote wa mabati mahali pengine duniani na kumwambia kwamba mtu alifungia chumvi ndani ya gari lake miaka mizima, atashika kichwa. Lakini wewe ungeiweka wapi?

Basi kiangazi hicho nilipoanza kuing'oa ile sakafu, sikuwa na hasira nayo. Nilikuwa na hamu ya kuisoma. Nilipangusa vumbi, nikakwangua, nikapiga magoti, na kadiri nilivyokwangua ndivyo nilivyoshangaa. Kutu haikutapakaa ovyo. Upande wa kulia, anapokaa abiria, kulikuwa na matundu makubwa ya mviringo, moja karibu na lingine, yenye kingo nyembamba kama karatasi iliyoungua. Upande wa kushoto, chini ya usukani, kulikuwa na ganda jeusi lililogandamana. Nilipolibandua kwa tindo, chini yake rangi ya buluu ilikuwa inang'aa kama imepakwa jana.

Nikamwita mama. Alikuja na kiti chake cha plastiki, akakaa penye kivuli cha jiko, akatazama.

“Huku njo ilikaa magunia,” akasema kwa “njo” ya kwetu, yaani ndiko au ndiyo, akionyesha matundu ya mviringo.

“Na huku kushoto?”

“Bidoni za mawese. Magunia ilikataa kuingia, pedali inazuia. Bidoni inaingia. Moja ilikuwa inavuja, baba yako aliniimbia hiyo bidoni mpaka vita ikaisha.”

Basi jibu lilikuwa hilo: chumvi kulia, madumu ya mawese kushoto. Chumvi haitulii. Hewa ya kando ya mto ina unyevunyevu, na chumvi huunywa hadi yenyewe inatoa jasho. Jasho hilo hushuka chini ya gunia, hukaa juu ya bati, na bati huanza kuliwa mchana na usiku bila mtu kusikia. Mafuta ya mawese hufanya kinyume. Hufunika, hukauka, hugeuka ganda, na maji hayapati pa kuingilia. Mama alikuwa ameharibu nusu ya sakafu na kuiponya nusu nyingine bila kukusudia lolote.

Kilichobaki kunisumbua kilikuwa kipande kimoja, katikati kabisa ya kutu, upande wa magunia. Kilikuwa kizima, cha duara, upana wa sahani ya chai, kama kisiwa. Nilikigonga, kikalia vizuri. Kwa nini pale? Nikauliza.

Mama aliinama kadiri goti lilivyomruhusu. Akatabasamu.

“Taa ya mama yako mdogo.”

Nilikuwa nimesahau kwamba mama mdogo aliishi nasi wakati huo. Alikuwa amekimbia Kampene kwa miguu, akafika kwetu na nguo aliyovaa. Kazi aliyopewa ilikuwa kuchagua mawe na mchanga kutoka kwenye chumvi, maana wengine walichanganya ili gunia lionekane limejaa. Alikaa ndani ya kabini, vioo vimefunikwa na majani ya maboga, na taa yake ilikuwa kopo la samaki lenye mawese na utambi wa kitambaa. Taa ilimwagika kila siku, na ilipomwagika palipona.

“Alikuwa anaimba humo ndani,” mama alisema. “Mimi namwambia, nyamaza, wataiba chumvi. Yeye anasema, wataiba vipi, wataogopa gari inayoimba.”

Kipande kile nilikikata pamoja na vingine, kwa sababu kanuni ya kazi hii ni moja: unakata hadi ufikie bati zima linaloendelea, na kisiwa hakishikani na chochote. Mama alikichukua, akakisugua kwa mchanga, akakifanya kifuniko cha mtungi. Mimi nikaendelea.

Nitakueleza kazi yenyewe kwa kifupi, ili ujue kwamba haina uchawi. Kwanza niliosha kila pembe kwa maji mengi matamu, nikaacha jua likaushe, nikaosha tena, maana chumvi iliyobaki ndani ya kunjo la bati itakula hata bati jipya. Kisha nilichukua makatoni ya sabuni, nikayakata kwa umbo la sakafu, nikayaweka ndani, nikapunguza hapa na pale hadi yakakaa bila kusukumwa. Katoni ikikosea unaitupa; bati likikosea unalia. Bati nililipata kwenye pipa la mafuta lililofunguliwa na kunyooshwa. Lakini sakafu ya gari haiwi tambarare. Ina mifereji inayoipa nguvu, kama mikunjo ya bati la paa. Nina kipande cha reli ninachokitumia kuwa fuawe, na juu yake nilipiga mifereji hiyo mmoja mmoja, polepole, nikifuata ile ya zamani. Injini aliishughulikia fundi mwingine wa mtaani kwetu, nayo ilikubali kuwaka bila ubishi mwingi. Baba alikuwa ameilaza vizuri.

Kuchomelea nilimwachia rafiki yangu, mtu mnene mwenye mzaha, ambaye ana mashine na jenereta. Alikuja, akachomelea, na kila alipovua kinyago alimchokoza mama.

“Mama, sakafu hii ngumu. Hata ukibeba mume mupya kule Kampene, itamubeba.”

“Mume mupya njo wewe? Tumbo yako peke yake itavunja gari.”

Tulipaka rangi nyekundu ya kuzuia kutu, tukapaka lami kwa chini, tukarudisha viti kutoka sebuleni. Nilifungua na kufunga milango mara nyingi. Ilifunga vizuri. Kesho yake tukaweka magurudumu yenye tairi nyingine, tukaondoa magogo, na pikapu ikasimama kwa miguu yake kwa mara ya kwanza tangu vita. Watu wa mtaa walipiga makofi. Mama alikuwa tayari amevaa kitenge kipya na mtandio, eti ajaribu tu. Tukamsaidia kuingia, akakaa, nikasukuma mlango.

Mlango uligonga nguzo ya kabini ukarudi.

Nikasukuma tena. Ukarudi tena. Juu ulikuwa umeingia, chini umebaki nje kwa unene wa kidole gumba. Rafiki yangu akaja na nyonga yake, akausukuma kwa uzito wote.

“Usipige gari ya mume wangu!” mama akasema.

“Mama, tutafunga na kamba. Kamba nzuri, ya nailoni.”

“Mimi si mbuzi ya kufungwa na kamba. Na wewe,” akanigeukia, “jana mulango ilikuwa inafunga. Leo imekasirika nini?”

Lilikuwa swali zuri kuliko yote yaliyoulizwa siku hiyo. Wingu lilikuwa limeanza kujikusanya upande wa juu wa mto, na watu waliotoka huko walisema tone la kwanza limeshaanguka. Barabara ya Kampene ina mashimo ya kumrusha mtu hadi paani. Kumweka mama kando ya mlango ulioshikwa na kamba lilikuwa jambo ambalo nisingelifanya. Nilimshusha. Aliingia ndani, akakivua kile kitenge kipya na kukikunja, na ndipo nilipojua ana hofu ya kutofika.

Nilikaa chini mbele ya mlango ule nikajiuliza kama alivyouliza yeye. Jana na leo vimetofautiana nini? Bati ni lile. Bawaba ni zile. Kilichobadilika ni kimoja tu: jana gari lilikuwa juu ya magogo, leo liko juu ya magurudumu. Nikaenda kutazama mahali magogo yalipokuwa. Matatu yaliacha alama nyepesi. Lile la nyuma kulia lilikuwa limezama ardhini taratibu, mwaka baada ya mwaka, hata hakuna aliyeona. Kwa miaka yote hiyo pikapu ilikuwa imekaa imepinda.

Ili nijihakikishie, nilileta jeki, nikaiweka nyuma kushoto, nikainua kidogo, kusudi upande wa kulia ubaki chini kama zamani. Nikasukuma mlango kwa kidole. Ulifunga wenyewe. Nikashusha jeki, mlango ukagoma.

Chukua boksi la katoni lisilo na kitako, ulishike kwa mikono miwili, ulipinde. Linapinda kila upande. Sasa, likiwa limepinda hivyo hivyo, libandike kitako kigumu. Ukiliachia, halirudi tena. Kitako kimelishika katika kupinda kwake. Ndivyo tulivyofanya. Sakafu ya zamani, iliyooza, ilikuwa laini kiasi cha kuruhusu kabini kujinyoosha. Sisi tuliiwekea sakafu ngumu, nzuri, tukiwa tumeiacha juu ya magogo kwa sababu ilikuwa pale siku zote, na urefu ule ulitufaa migongo. Sisi watu wa hapa tuliozoea magari yaliyolazwa na vita tunaona gogo kama sehemu ya gari.

Nilikwenda kumweleza mama. Alisikiliza hadi mwisho.

“Kumbe gari imezoea kuinama kama mimi,” akasema. “Basi inyooshe yeye, maana mimi hautaweza.”

Rafiki yangu alipoambiwa kwamba kazi yake itakatwa, alitukana magogo yote ya mkoa wetu wa Maniema, kisha akawasha jenereta. Tulilipeleka gari mahali palipo sawa, uwanjani mbele ya nyumba, magurudumu chini, uzito wake wote juu yake. Tulikata maungio ya upande wa kulia na ya mbele, na bati lilipoachiwa lilitoa mlio, kama mtu anayejinyoosha baada ya kulala vibaya. Tuliona kwa macho yetu kabini ikisogea. Mlango ukafunga.

Sasa tukaanza kuunga upya, lakini si kwa mstari mrefu. Nukta moja hapa, nukta nyingine kule mbali nayo, ili moto usivute bati upande mmoja. Mama aliweka kiti chake cha plastiki nje ya mlango wa kulia, akajipa cheo. Rafiki yangu akichoma nukta, anasimama. Mama anavuta mlango, anausukuma, anasikiliza.

“Imefunga. Choma ingine.”

Mara moja mlango ulikwaruza. Mama akainua mkono. “Hapana. Hiyo umeharibu.” Tukaiondoa nukta ile, tukaacha bati lipoe, tukachoma pembeni kidogo. Wapita njia waliokwenda kuteka maji walisimama kushangaa bibi anayesimamia mchomeleaji kwa kufungua na kufunga mlango, na mmoja akauliza kama hilo gari lina mlango mmoja tu wa kuchezea.

“Pita, baba,” mama alimjibu. “Njo mulango ya kwenda kwa mudogo wangu.”

Tuliondoka wakati mvua ya kwanza ilikuwa imeshanyesha usiku lakini ardhi bado inaimeza. Niliendesha taratibu. Katika kila shimo mama alitazama mlango, si barabara. Mahali pawili tulishushwa na tope, na watu wa vijiji vya kando walitusukuma wakicheka umri wa gari. Mlango haukufunguka. Chini ya miguu ya mama, sakafu ililia kwa sauti ndefu kila jiwe lilipoigonga.

Tulipofika Kampene, mama mdogo alikuwa amesikia injini. Alikuja hadi kando ya gari akipapasa hewa kidogo, akashika mpini wa mlango, akaufungua yeye mwenyewe kabla sijazunguka. Alisogeza uso wake hadi ukakaribia kugusana na wa mama, akageuza kichwa huku na huku, akitafuta mahali macho yake bado yanapopitisha mwanga. Mama hakujitikisa. Alingoja.

“Yaya,” mama mdogo akasema, “umezeeka vibaya sana.”

“Wee!” mama akapiga kelele, na machozi yakamtoka. “Iko inaona! Inaona bado!”

Walikaa pale pale, mmoja ndani ya gari na mwingine nje, wakishikana mikono, nami nikawaacha nikaenda kutafuta maji ya kunawa. Sikumtoa mama garini hadi alipotaka mwenyewe.

Kwa hiyo nawe, kama una gari lililolazwa juu ya magogo au mawe na unataka kulitengenezea sakafu, usianze na moto. Kwanza rudisha magurudumu. Lisogeze mahali palipo sawa, liache lisimame kwa uzito wake. Funga milango yote miwili na uone imekaa vizuri. Ndipo uunge bati jipya kwa nukta, moja moja, mbalimbali, na baada ya kila nukta fungua mlango, kisha ufunge.